Mzigo ulioibwa na bima ya shehena ya baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na waagizaji wa Kariakoo, Mombasa, Kampala na Lubumbashi, mara nyingi wakiwa tayari na barua ya kampuni ya bima iliyokataa kulipa. Katika migogoro hii, ni nadra watu kubishana kama mzigo uliibwa. Kinachobishaniwa ni uliibwa lini, wapi, na ukiwa mikononi mwa nani. Ndiyo maana utaona karatasi zinatajwa kuliko wezi.

## Mambo ya msingi

1. Nina bima ya shehena. Wizi si umo tayari?

Si lazima. Bima nyingi za shehena, zikiwemo zinazouzwa Dar es Salaam na Mombasa, huandikwa kwa kufuata vifungu vya London vya shehena, ambavyo viko katika madaraja matatu: A, B na C. Toleo linalotumika zaidi ni la Januari 2009, ingawa la 1982 bado hukutwa kwenye mikataba.

Daraja A hubeba hatari zote za mzigo kupotea au kuharibika, isipokuwa zile zilizoondolewa kwa maandishi. B na C zinakwenda kinyume: kinacholipwa ni kile tu kilichotajwa, kama moto, meli kuzama au kukwama, lori kupinduka. Wizi haumo katika B wala C. Unaweza kuongezwa kwa kifungu cha wizi, udokozi na mzigo kutofika, kwa malipo ya ziada.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia wakili, tafuta herufi hiyo moja kwenye cheti chako.

2. Nimenunua kwa CIF na muuzaji amenitumia cheti cha bima. Kuna ubaya gani?

Kwa Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, anayeuza kwa CIF (bei yenye bidhaa, bima na nauli ya meli) anatakiwa kukata bima ya kiwango cha chini tu, yaani C. Anayeuza kwa CIP (nauli na bima hadi mahali palipotajwa) ndiye anayedaiwa A. Mfanyabiashara aliyeagiza simu au vipuri kutoka Guangzhou kwa CIF, bila kuomba zaidi, anaweza kuwa na cheti halali kabisa ambacho hakigusi wizi. Muuzaji hajakudanganya, ametimiza mkataba.

Kuna jambo la pili. Kenya, tangu Januari 2017, inamtaka mwagizaji akate bima ya shehena kwa kampuni ya ndani. Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Bima ya 2009, inataka bidhaa zinazoingizwa zikatiwe bima nchini. Maoni yetu ni kwamba kwa bidhaa zinazotamaniwa na wezi, kama simu, matairi, vitenge na dawa, ni bora kununua kwa FOB (muuzaji anaishia kupakia melini) au CFR (analipa nauli bila bima) kisha ukate bima yako ya A kwa dalali unayeweza kumfikia ofisini kwake. Cheti cha bure kutoka kwa muuzaji ni rahisi inayoishia kuwa ghali.

3. Nani mwenye haki ya kudai: muuzaji, mimi, au wakala wa forodha?

Anayedai ni yule ambaye hasara ilimwangukia siku mzigo ulipoibwa, na ambaye bima iko kwa jina lake au amehamishiwa kwa sahihi nyuma ya cheti. Ukinunua kwa FOB, hatari inakuhamia mzigo unapowekwa melini. Ukiibwa kwenye ghala la muuzaji kabla ya hapo, hasara ni yake. Benki iliyokukopesha inaweza kuwa imeandikwa kuwa mpokeaji wa malipo, na hapo hutalipwa bila barua yake.

Wakala wa forodha hadai kwa niaba yake mwenyewe. Anaweza kukusaidia kukusanya nyaraka, basi.

## Kuthibitisha wizi

4. Ni lazima nieleze wezi waliiba vipi?

Kwa daraja A, hapana. Kesi inayotegemewa hadi leo ni ya Gaunt, iliyoamuliwa na Bunge la Mabwana la Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa huko, mwaka 1921. Ilihusu sufu iliyotoka Patagonia na kufika imeharibiwa na maji. Mabwana hao walisema mwenye mzigo aliyekata bima ya hatari zote anatakiwa kuonyesha kwamba hasara ilitokana na tukio la bahati mbaya. Hahitaji kutaja ni tukio gani hasa. Akishafika hapo, kampuni ya bima ndiyo yenye kuthibitisha kwamba hasara iko kwenye mambo yaliyoondolewa. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya, Sura ya 390, imefuata ile ya Uingereza ya 1906, kwa hiyo hoja za namna hii hupokewa Nairobi na Mombasa bila ugeni.

Usichokwepa ni mambo mawili: kwamba mzigo uliingia safarini kwa idadi unayodai, na kwamba haukufika. Ukiwa na B au C yenye nyongeza ya wizi, una kazi zaidi. Hapo lazima uonyeshe kwamba wizi una uwezekano mkubwa kuliko maelezo mengine, kama kuhesabiwa vibaya wakati wa kupakia.

Angalia pia kama mkataba wako umeondoa upungufu usioelezeka, yaani pengo linalogunduliwa kwenye hesabu za ghala tu. Makampuni mengi huliongeza sharti hilo hata kwenye A.

5. Kontena limefika na lakiri nzima, lakini ndani katoni zimepungua. Nitalipwa?

Huu ndio ugomvi mkubwa kuliko yote, na jibu linaanzia kiwandani.

Lakiri (seal) ikiwa nzima na namba yake ikilingana na iliyo kwenye hati ya shehena (bill of lading), kampuni ya bima itasema katoni hizo hazikuwahi kupakiwa. Hati ya shehena haitakuokoa, kwa sababu mara nyingi imeandikwa kwamba muuzaji ndiye aliyepakia na kuhesabu, na mwenye meli anarudia alichoambiwa. Ni ushahidi wa kontena, si wa kilichomo.

Lakini lakiri nzima si mwisho wa habari. Wezi wa makontena wanajua kung'oa ribiti za mkono wa mlango au bawaba zake, wakafungua bila kuigusa lakiri, kisha wakarudisha ribiti mpya na kupaka rangi. Mkaguzi wa hasara anayejua kazi huangalia vichwa vya ribiti, rangi mbichi, mikwaruzo mipya na mpira wa mlango. Ukivuta kontena nje na kulirudisha kwa mwenye meli kabla ya ukaguzi huo, umejichomea ushahidi wako mwenyewe.

Uzito nao husema. Tangu Julai 2016, kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, zinataka kila kontena lililopakiwa lithibitishwe uzito kabla ya kupanda melini. Ukilinganisha uzito huo na ule wa mizani ya bandarini unapotoka, na ule wa mizani za barabarani za Vigwaza au Mariakani, unaweza kuonyesha kilo zilipotelea kipande kipi cha safari. Madai yaliyoonekana yamekufa yamefufuliwa na tiketi ya mizani.

6. Nikigundua wizi, nifanye nini kwanza?

Usitie sahihi kwamba umepokea mzigo salama. Andika upungufu kwenye karatasi ya makabidhiano kwa kalamu, mbele ya dereva au karani wa tali (anayehesabu mzigo), naye asaini. Piga picha za lakiri kabla ya kuikata, kisha uitunze. Usiitupe kwenye pipa la godauni. Ijulishe kampuni ya bima siku hiyohiyo na uombe mkaguzi. Ripoti polisi upate namba ya RB, au ya OB kama uko Kenya.

Kisha, na hapa ndipo wengi wanapotereza, mwandikie mwenye meli, bandari kavu na msafirishaji wa lori barua ya kuwatia hatiani kwa hasara. Kanuni za Hague, ambazo ni kanuni za kimataifa za kubeba mizigo kwa meli na hati nyingi za shehena huzifuata, zinataka taarifa wakati wa kupokea mzigo, au ndani ya siku 3 kama upungufu hauonekani kwa nje. Kuchelewa hakufuti dai lako, lakini kunampa mwenye meli pa kuegemea. Kampuni ya bima nayo inaweza kulalamika kwamba umeipotezea haki dhidi yake (tazama swali la 15).

7. Ripoti ya polisi haitoshi?

Haitoshi. Inathibitisha kwamba uliripoti. Polisi waliofika eneo la tukio na kuandika walichokiona ni jambo jingine, lakini karatasi yenye maelezo yako mwenyewe na muhuri juu yake haina uzito mkubwa mahakamani.

## Wakati na mahali

8. Bima inaanzia wapi na kuishia wapi?

Kwa toleo la 2009 la vifungu vya London, inaanza mzigo unapoanza kusogezwa ndani ya ghala la kuanzia ili upakiwe mara moja, na inaendelea katika safari ya kawaida hadi umalize kushushwa kwenye ghala la mwisho lililotajwa. Inakoma mapema zaidi ukiamua kutumia ghala jingine, lori au kontena kama stoo yako.

Wafanyabiashara wa mjini wenye nafasi finyu wananaswa hapa. Kontena limefika uani, wanauza kutoka mlangoni mwake kwa wiki mbili, siku moja wanakuta limevunjwa. Hiyo si safari tena. Kinachohitajika hapo ni bima ya wizi ya ghala.

9. Mzigo ulikaa bandari kavu kwa sababu ya mvutano wa kodi, ukaibwa siku ya 70. Kampuni inasema bima ilikwisha.

Pengine wana haki. Vifungu hivyo vinaweka ukomo wa siku 60 tangu mzigo umalize kushushwa kutoka melini kwenye bandari ya mwisho. Siku hazihesabiwi tangu ulipolipa kodi wala tangu ulipopata D.O., yaani hati ya kuruhusu mzigo utolewe.

Hoja ya kwanza ya kujaribu ni tarehe. Kushushwa hukamilika lini hasa? Chukua taarifa ya bandari, si tarehe ya kufika kwa meli iliyo kwenye tovuti ya wakala wa meli. Tofauti ya siku kadhaa imewahi kuwa ndiyo kesi nzima kwa watu wengi. Hoja ya pili ni wizi wenyewe: ukionyesha kwamba mzigo ulichukuliwa siku ya 40 na kugunduliwa siku ya 70, ukomo haukugusi. Kamera, daftari la getini na kumbukumbu za kuhamisha makontena ndani ya bandari kavu husaidia.

Hoja ambayo kwa kawaida haifiki mbali ni kwamba ucheleweshaji haukuwa kosa lako. Saa ya siku 60 haijali kosa la nani. Dawa yake ni kuomba nyongeza ya muda kabla ya siku hizo kuisha, kwa maandishi, na kulipia. Dalali mzuri hukukumbusha. Dalali wa kawaida hukuambia baadaye kwamba ungemkumbusha.

10. Lori lilivunjwa usiku likiwa limeegeshwa barabarani. Wanasema nimevunja sharti.

Soma sharti hilo lilivyoandikwa. Mikataba ya njia za Mombasa hadi Malaba, au Dar es Salaam hadi Rusumo na Tunduma, mara nyingi ina sharti la kuegesha penye ulinzi, kutosafiri usiku, au kuwa na kifaa cha kufuatilia lori.

Nchi inayotawala mkataba inaleta tofauti kubwa. Kwa sheria ya zamani ya 1906, ambayo Kenya bado inayo katika Sura ya 390, kuvunja sharti la dhamana (warranty, yaani ahadi ya kufanya au kutofanya jambo) kunaiondolea kampuni wajibu tangu siku lilipovunjwa, hata kama halihusiani na wizi. Uingereza yenyewe imeachana na ukali huo. Sheria yake ya Bima ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, inasimamisha bima kwa muda sharti linapokuwa limevunjwa na kuirudisha likirekebishwa, na inakupa nafasi ya kuonyesha kwamba kuvunjwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, katika mazingira iliyotokea. Kwa hiyo mkataba unaosema unafuata sheria ya Uingereza na ule unaofuata ya Kenya vinaweza kutoa majibu tofauti kwa lori lilelile, pale pale Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi.

Omba kumbukumbu za lakiri ya kielektroniki. Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya transiti, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina wa kwake. Zinaonyesha lori lilisimama wapi, kwa muda gani, na lakiri ilifunguliwa saa ngapi. Ni ushahidi usiopendelea. Jiandae kwamba unaweza kumwumbua dereva wako.

11. Na kama dereva ndiye aliyetoroka na mzigo?

Daraja A linaondoa ubaya wa makusudi wa mwenye bima mwenyewe. Dereva wa kampuni uliyoikodi si mwenye bima, kwa hiyo wizi wake kwa kawaida umo. Kampuni ikikataa, iombe ikuonyeshe kifungu cha nyongeza kinachoondoa udanganyifu wa wafanyakazi au wasafirishaji. Mara nyingine kipo.

Jambo jingine ni lori bandia: mtu anakuja na karatasi za kughushi, anapewa mzigo kwa hiari, anapotea. Chini ya A tungesema umepoteza mzigo kama mtu mwingine yeyote aliyeibiwa. Lakini utaulizwa ulithibitisha vipi namba ya lori na leseni ya dereva kabla ya kumkabidhi.

## Sababu nyingine za kukataliwa

12. Ankara niliyopeleka forodha ina bei ndogo kuliko niliyodai kwenye bima. Itakuwaje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Tunalijibu kwa sauti ya kawaida: una tatizo kubwa kuliko wizi.

Kampuni ya bima itaomba tamko lako la forodha, na ikiona dola 18,000 huku na dola 45,000 huku, itasema moja kati ya mawili. Ama thamani halisi ni ile ndogo na dai lako ni la udanganyifu, ama thamani ni ile kubwa na wewe mwenyewe umekiri kukwepa kodi. Hakuna jibu la tatu lenye raha. Dai lililokuzwa kwa makusudi hupotea lote, hata sehemu iliyo ya kweli.

Tofauti na hilo ni uongo wa pembeni. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Versloot iliyohusu meli DC Merwestone, iliamua kwamba uongo uliosemwa kuharakisha dai ambalo ni halali, na ambao haubadilishi haki ya kulipwa, hauliui dai hilo. Wapo wanaoisoma kesi hiyo kama ruhusa. Si ruhusa. Haimwokoi mwenye ankara mbili, kwa sababu bei inagusa moja kwa moja kiasi anachostahili.

13. Nilifungua kontena nikakuta mawe badala ya bidhaa. Huo si wizi?

Kama bidhaa zilikuwemo zikabadilishwa njiani, ndiyo. Kama hazikuwahi kuwemo, umetapeliwa na muuzaji, na bima ya shehena haibebi hilo. Katika kesi ya Engelhart, iliyoamuliwa na Mahakama ya Biashara ya London mwaka 2018, makontena yaliyoandikwa kuwa na shaba yalifika yakiwa na takataka za kuyeyushia madini, na hati za shehena zilikuwa za kughushi. Mnunuzi alikuwa na bima ya hatari zote. Alishindwa, kwa kuwa shaba ambayo haikuwahi kuwepo haiwezi kupotea.

Anayenunua shaba au kobalti kutoka Kolwezi au Likasi amlipe mkaguzi huru asimamie upakiaji na kufunga lakiri. Gharama yake ni ndogo mbele ya hasara ya namna hiyo.

14. Gari langu kutoka Japani limefika bila redio na vioo vya pembeni. Nadai?

Angalia kwanza kama bima yako ya magari yaliyotumika inalipa hasara kamili tu. Nyingi ndivyo zilivyo. Kama ni A kamili, utahitaji ripoti ya hali ya gari kabla ya kupakiwa na nyingine wakati wa kushushwa. Kisha toa kiwango cha hasara unachobeba mwenyewe. Kwa redio, mara nyingi hakibaki kitu cha kudai.

## Meli, maharamia na msafirishaji

15. Kwa nini kampuni inanitaka nisaini karatasi ya kuiachia haki zangu baada ya kunilipa?

Kwa sababu ikishakulipa inasimama mahali pako kumdai aliyesababisha hasara. Hilo ni la kawaida. Usiingie makubaliano ya pembeni na mwenye meli kabla, maana ukimsamehe yeye umeivuruga bima yako.

Muda ndio hatari. Chini ya Kanuni za Hague na zile za Hague-Visby (toleo lake lililorekebishwa), kesi dhidi ya mwenye meli hufunguliwa ndani ya mwaka 1 tangu mzigo ulipofikishwa au ulipopaswa kufika. Kampuni ya bima inaweza kuvuta miguu miezi 11 kisha ikakulaumu. Omba mwenye meli akuongezee muda kwa maandishi, au fungua kesi ya kulinda haki.

Kiasi nacho kina kikomo. Hague-Visby huweka SDR 666.67 kwa kila kifurushi au SDR 2 kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Hati iliyoandika "katoni 600" inahesabu vifurushi 600. Iliyoandika kontena 1 tu inaweza kuhesabiwa kifurushi kimoja, na hapo umebaki na hesabu ya kilo.

Lakini wenye meli hushindwa. Mwaka 2012 makontena mawili ya kobalti ya kampuni ya madini ya Glencore yalichukuliwa na wezi bandarini Antwerp, ambako mzigo ulitolewa kwa namba za siri za kompyuta badala ya D.O. ya karatasi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema kutuma namba ya siri si kukabidhi mzigo, na kampuni ya meli ya MSC ikawajibika.

16. Meli ikitekwa na maharamia, mzigo unahesabiwa umeibwa?

Daraja A linabeba uharamia, lakini kutekwa si lazima kuwe hasara kamili. Meli Bunga Melati Dua ilitekwa Ghuba ya Aden Agosti 2008 ikiwa na dizeli ya mimea kutoka Malaysia kwenda Rotterdam. Mwenye mzigo, Masefield, alidai hasara kamili mwezi Septemba. Siku chache baadaye fidia ya ukombozi ililipwa na meli ikaachiwa. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2011 kwamba mzigo haukuwa umepotea moja kwa moja, kwa sababu matarajio ya kuurudisha kwa kulipa maharamia yalikuwepo. Kushuka kwa bei sokoni wakati wa kusubiri kulibaki mzigoni mwa mwenyewe.

## Kufungua shauri na hali ngumu

17. Niende wapi nikikataliwa?

Anza na barua kwa kampuni ukitaka sababu na kifungu, kwa maandishi. Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inayofaa zaidi madai madogo. Kenya malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Kusimamia Bima. Kwa fedha nyingi utaishia kwenye divisheni ya biashara ya Mahakama Kuu, au kwa msuluhishi kama mkataba una kifungu cha usuluhishi. Cheti kilichokatwa ng'ambo kinaweza kukupeleka London au Shanghai, sababu nyingine ya kukumbuka swali la 2.

Kudai kampuni ya bima kwa msingi wa mkataba kuna muda wa miaka 6 Kenya na Tanzania. Usiuchanganye na ule mwaka 1 wa mwenye meli.

18. Polisi wamepata nusu ya mzigo baada ya mimi kulipwa. Ni wa nani?

Ukilipwa thamani yote, kampuni ina haki ya kuuchukua. Ukiutaka, irudishie kampuni fedha za sehemu hiyo kwa makubaliano. Kuuza kimyakimya ni kosa. Kama ulikuwa umekata bima chini ya thamani halisi, unagawana na kampuni kwa uwiano uleule wa hasara uliyoibeba.

19. Mzigo wa transiti uliibwa njiani na sasa forodha wanadai kodi. Bima inalipa?

Mzigo wa Lubumbashi au Kigali ambao haukuonekana ukivuka mpaka huhesabiwa umebaki nchini, na kodi hudaiwa kupitia dhamana ya wakala wa forodha, naye hukugeukia wewe. Bima ya shehena hailipi kodi hiyo isipokuwa iliongezwa kwenye thamani iliyokatiwa bima. Bima ya kawaida ya bei ya CIF na asilimia 10 juu haiihesabu. Wapelekee forodha ripoti ya polisi na kumbukumbu za lakiri ya kielektroniki mapema, na uombe kwa maandishi dhamana isiguswe hadi uchunguzi ukamilike. Anayesubiri hati ya madai ndipo aanze kueleza habari ya wizi huwa amechelewa.